Binti yangu kamwambia maalim kuna mungu aliyelala

Mjomba, shikamoo.

Nina miaka 35, naishi Tanga, nina duka dogo la vipuri vya pikipiki, mke na binti wa miaka 7. Pombe sinywi, vijiweni sikai, deni la mtu sina. Jambo ninalokuandikia sijapata kumweleza rafiki yeyote, maana kila nikiwaza pa kuanzia naona wanacheka kabla sijafika katikati. Wewe angalau ukicheka sitakuona.

Lilianza mwaka 2005, nikiwa kidato cha pili. Kulikuwa na intaneti kafe jirani na stendi, kompyuta sita, saa nzima shilingi mia tano. Kijana mmoja aliyekuja likizo kutoka Dar akanionyesha gemu linaloitwa RuneScape. Uzuri wake halikuwa la kusakinisha. Unafungua ukurasa, unangoja (mkongo wa baharini ulikuwa bado, ulikuja 2009, kwa hiyo kungoja kulikuwa nusu ya starehe), halafu ghafla uko kwenye mji unaoitwa Lumbridge, huna mbele wala nyuma, na mpishi wa ngomeni anakuomba umtafutie yai, ndoo ya maziwa na chungu cha unga ili aoke keki ya siku ya kuzaliwa ya bwana wake.

Wenzangu walilipendea vita. Mimi vita vilinichosha siku ya pili: unabofya, unakaa, unangoja nani afe. Kilichonishika ni kwamba kule kila kitu kina sababu yake. Kaskazini ya mji wa Varrock kuna nyika iliyoungua, ukiingia humo mchezaji mwenzako anaweza kukuua na kuchukua ulichobeba. Wengine waliona nyika. Mimi nikauliza: nani aliiunguza?

Nikaanza kusoma. Jibu lake nitalifupisha, Mjomba, ingawa kulifupisha kunaniuma. Zamani sana katika dunia ile, Gielinor, alitawala mungu mmoja jina lake Zaros. Alikuwa na jemadari, Zamorak, ambaye hakuwa mungu, ni mpiganaji tu. Jemadari akala njama, akamvamia bwana wake na kumchoma kwa Fimbo ya Armadyl, mungu mwingine. Zaros akatoweka, Zamorak akainuka pale akiwa mungu. Wengine wakamfukuza, akarudi na jeshi, ikazuka vita ya miungu iliyomaliza Zama ya Tatu nzima, miaka kama 4,000. Hiyo ndiyo iliyounguza kaskazini. Kishindo chake kikamwamsha Guthix, aliyeifikia dunia ile kabla yao wote, akaikuta tupu, akaijaza watu, kisha akalala chini ya ardhi. Akatoka, akaona walichokifanya, akawatoa wote nje na kuwapiga marufuku wasikanyage tena. Halafu akarudi kulala. Binadamu wakajijengea miji juu ya majivu. Wewe unapohangaika na yai la mpishi uko mwaka wa 169 wa Zama ya Tano, na mzee yule yuko chini ya miguu yako, hujui.

Sasa, mimi nilikuwa mchezaji wa bure. Uanachama ulikuwa dola 5 kwa mwezi, na kulipa kulitaka kadi ya benki, kitu ambacho katika ukoo wetu hakikuwepo. Magharibi ya mji wa Falador kuna geti la kwenda Taverley. Mwanachama akiligusa anapita. Mimi nikiligusa naambiwa hapa ni pa wanachama. Nimesimama pale saa nzima nzima za shilingi mia tano, natazama watu wakipita na mavazi nisiyoyajua majina. Sehemu kubwa ya dunia, na karibu hadithi zote nzuri, zilikuwa upande wa pili. Basi nikazisoma. Wachezaji waliopita waliandika walichokiona, mimi nikaprinti kurasa chache chache, nikazinakili nyumbani kwa Kiswahili kwenye kaunta buku za kwaya tatu. Zimefika nne. Zina nasaba, ramani, zama, nani alimsaliti nani. Namjua Drakan anayetawala Morytania, ng'ambo ya mto Salve, kuliko ninavyomjua diwani wangu, na mto wenyewe kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuuvuka.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya Ardougne. Mji umekatwa kwa ukuta. Upande wa magharibi wamefungiwa watu kwa sababu ya tauni, na watu wenye vinyago wanapita mitaani kulinda. Unaingia kumtafuta msichana aliyetekwa humo, na hadithi inavyoendelea unagundua tauni haipo. Mfalme Lathas ameitunga. Hadithi hiyo ilianza 2002, na kwenye gemu ninalocheza mimi mwisho wake ulifika Julai 2019. Nilikuwa nimeshaoa, na mtoto ana jino la kwanza.

Nasema gemu ninalocheza mimi kwa sababu sasa yapo mawili. Februari 2013 kampuni yenyewe, Jagex ya Cambridge kule Uingereza, baada ya wachezaji kulilia na kupiga kura, ilifungua tena dunia kama ilivyokuwa Agosti 2007, ikaiita Old School. Ile nyingine ikaendelea na njia yake. Mwezi uliofuata, Machi, katika ile nyingine, Guthix akafuatwa alikolala, na mmoja anayeitwa Sliske akamuua. Kwa fimbo ileile iliyomchoma Zaros! Niliisoma habari hiyo nikiwa kazini, nikaomba ruhusa nikisema tumbo linanisokota. Kwenye Old School, lakini, bado amelala.

Oktoba 2018 Old School ikaingia kwenye simu, na mimi nikawa na kadi. Nikalipia. Usiku huo nikaenda Falador, nikaligusa geti la Taverley, likafunguka. Mke wangu alikuwa mjamzito, amelala pembeni yangu. Nilifuta machozi kwa shuka.

Tunafika kwenye tatizo. Binti yangu hapati usingizi bila hadithi. Sungura na Fisi tulishawamaliza, nikarudia, akaanza kunisahihisha. Usiku mmoja nikafungua kaunta buku ya kwanza. Hajataka kitu kingine tena. Aliniuliza kama ni kweli, nikamjibu, "Ni historia ya kule." Anawachora kwa rangi: Zamorak mwekundu, Saradomin (naye ni mmoja wa miungu ya kule) wa buluu, Guthix wa kijani.

Wiki tatu zilizopita, chuoni, maalim alikuwa anawafundisha Ayatul Kursi. Akafika pale panaposema Mwenyezi Mungu hashikwi na kusinzia wala kulala. Binti yangu akanyoosha kidole: "Maalim, baba ana mungu mmoja kwenye daftari, yeye amelala chini ya ardhi, ukimwamsha anakasirika."

Maalim akamwita mke wangu. Mke wangu akafungua kaunta buku, na ukurasa wa kwanza nimeandika MIUNGU kwa wino mwekundu, nimepiga na mistari miwili. Mama mkwe akaja kutoka Pangani na basi la kwanza. Yeye hana shaka kwamba nimeingia Freemason, anauliza tu ni lini. Katika kupekua pekua mke wangu akakuta pia ujumbe wa benki wa yale malipo ya kila mwezi, ambayo sikuwahi kumwambia. Si hela ya kutisha, karibu sawa na umeme wetu wa mwezi. Usiku nikicheza huwa namwambia napiga hesabu za duka. Amenitaka nizichome kaunta buku zote nne, nisipozichoma atazichoma yeye. Halafu akasema neno ambalo bado linanizunguka: "Miaka tisa una dunia nzima humo ndani, na mimi hujanikaribisha hata barazani."

Na tangu ugomvi ule, binti kila usiku ananiuliza kama Guthix ataamka.

Nizichome, Mjomba? Maalim nimwambie nini? Na mtoto nimweleze Guthix yupi, anayelala au aliyeuawa?

Mimi mwenye kaunta buku nne,
Tanga

*

Marahaba, mpwa wangu.

Nimecheka, tena sana, ila si pale ulipoogopa. Nimecheka kwa huyo binti. Nilifundisha darasa la pili miaka mingi kabla ya kustaafu, na nakwambia mtoto wa miaka saba anayesikia aya, akakumbuka hadithi ya jana usiku, akaona haviendani, akanyoosha kidole kuuliza, wa namna hiyo nilikuwa nampata mmoja kwa miaka mitatu. Mnunulie kalamu za rangi nyingine.

Balaa lako limeingia kupitia neno moja, na neno hilo ulilichagua mwenyewe. Waliotunga hadithi hiyo wanaandika Kiingereza, na katika Kiingereza mwenye herufi kubwa ni Muumba, mwenye herufi ndogo ni yeyote mwenye nguvu za kutisha ndani ya hadithi. Msomaji wao amezoea tangu utotoni. Wewe ukaandika "mungu", kwa herufi ndogo kabisa, sina shaka, ukaenda kumsomea mtoto kitandani. Herufi ndogo haisikiki, mpwa wangu. Masikioni mwa mtoto wa chuoni Mungu ni mmoja, na baba yake anasema amelala.

Rudi sasa kwenye maelezo yako. Zaros kachomwa fimbo na jemadari wake. Zamorak kapanda cheo kwa usaliti. Guthix kaifikia dunia akaikuta ipo, hakuiumba, akachoka, akalala, na kwingine kauawa kama kuku. Watu wa aina hiyo Kiswahili kina jina lao zamani: wababe. Mbabe ana nguvu, anaogopwa, anapigana na mbabe mwenzake, na wakimaliza ni nyasi zilizoumia, au kwa hao wa kwako, kaskazini nzima. Vita ya wababe. Isome kwa sauti uone kama hadithi imepungua chochote. Mimi naona imeongezeka, kwa sababu hata mama mkwe angekaa kuisikiliza. Kwa hiyo chukua kalamu, na kila palipo na mungu andika mbabe. Kaunta buku nne za kwaya tatu, hiyo ni kazi ya wiki nzima, na unastahili.

Kosa la pili ni lile jibu lako, "ni historia ya kule". Bibi yangu alitusimulia Fumo Liyongo, shujaa ambaye chuma hakikumpata, akaja kuuliwa kwa sindano ya shaba ya kitovu, na aliyemchoma ni mwanawe wa kumzaa. Tulikuwa na umri wa binti yako. Hakuna aliyekwenda chuoni kumuuliza maalim kama watoto huruhusiwa kuchoma baba zao. Sababu ni kwamba kabla ya Liyongo palikuwa na mlango. Paukwa! Pakawa! Kaondokea chanjagaa, kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwana Siti, vijino kama chikichi, vya kujengea vikuta, na vilango vya kupitia. Ukishaitikia pakawa unajua umeingia ndani, na hadithi ikiisha unajua umetoka. Wewe uliyesimama kwenye geti la Taverley miaka kumi na tatu ndiye uliyemtupa mtoto ndani bila geti. Kuanzia leo paukwa kwanza, hata kama kinachofuata ni Saradomin.

Maalim mfuate mwenyewe, baada ya alasiri watoto wakishaondoka. Usimpigie simu. Kaunta buku ziache nyumbani, mtoto mwache nyumbani. Mwambie ni hadithi za mchezo, kwamba ulitumia neno lisilo lake na umeshalibadilisha, na umshukuru kwa kumwita mkeo badala ya kumwadhibu mtoto mbele ya wenzake. Maalimu wengi wamekulia Abunuwasi na majini ya baharini, hatakushangaa kama unavyodhani. Akikupa nasaha, pokea. Akitaka kukutangaza msikitini, niandikie tena, ila sidhani.

Na ile aya iliyokuingiza ndiyo itakayokutoa. Usiku binti akiuliza, nawe muulize: maalim kasema Mwenyezi Mungu analala? Hapana. Guthix je? Analala. Basi Guthix ni nani? Nyamaza hapo, amalizie mwenyewe. Watoto wa umri huo hawapendi kufundishwa, wanapenda kukukamata.

Haya. Nimechelewesha makusudi kufika kwa mkeo, kwa sababu na wewe umemchelewesha. Ihesabu barua yako. Ardougne imepata aya yake. Geti limepata yake. Mkeo ametokea mara ya kwanza akiwa amelala, mara ya pili akiwa na hasira. Sijui anafanya kazi gani, anapenda nini, alikuwa akiota nini akiwa kidato cha pili. Umeufuatilia uongo wa Mfalme Lathas mpaka ukajua mwisho wake, na huku nyumbani kwako unaita gemu "hesabu za duka". Kila usiku! Huyo mfalme alijenga ukuta akasema upande ule kuna tauni. Wewe umejenga wa kwako ukasema kuna vitabu vya mauzo.

Yale maneno ya barazani, mpwa wangu, yasome tena. Mke anayetaka kuchoma kitu kwa sababu anakichukia hazungumzi hivyo. Angesema ni uchafu, ni ushetani, ni utoto. Yeye kasema hukunikaribisha. Mama mkwe ndiye anayeogopa Freemason, mkeo anaogopa kitu kingine.

Kwa hiyo usichome. Kaunta buku iliyoandikwa na mtoto wa shule kwa hela ya nauli haichomwi. Lakini usiende kumwambia kwamba Mjomba kasema usichome, utakuwa umeleta mtu wa tatu chumbani. Ngoja siku mtoto amelala, mama mkwe kasharudi Pangani, zima simu, mpe moja azishike mkononi kurasa. Usianze na Zaros. Naomba nirudie: usianze na Zaros. Ukianza na Zaros utafika Zama ya Nne saa saba za usiku na yeye anakutazama tu. Anza na intaneti kafe, kompyuta sita, shilingi mia tano ulizipataje. Mweleze geti. Mtu yeyote aliyekulia kwetu anajua kusimama nje ya kitu akitazama wenzake wanapita. Huenda na yeye ana geti lake hujawahi kumuuliza, la chuo cha ualimu au la duka la vitambaa, mimi sijui, wewe ndiye uliyepaswa kujua. Akikusimulia lake, hilo liandike.

Ule usiku wa shuka na machozi mwambie pia. Alikuwepo pale kitandani, ni usiku wake na yeye.

Hela nitaisema kwa ufupi. Ilivyokuwa siri ilikuwa kosa hata ingekuwa shilingi mia. Iandikwe kwenye matumizi ya nyumba kwa jina lake halisi, pembeni ya luku, na mwezi akisema haipo, haipo. Umewahi kuishi upande wa bure, hutakufa.

Mama mkwe mwachie mkeo. Ukijaribu kumweleza wewe kwamba Zamorak hayupo kweli, utakuwa umemtaja Zamorak mbele yake mara ya pili. Binti yake akishaelewa atamwambia kwa lugha yao, na samaki wa Pangani wataendelea kuja.

Sasa Guthix. Hilo la kuamka nimelifikiria kuliko yote. Umeandika mwenyewe kwamba ameanza kuuliza tangu ugomvi ule. Kabla ya hapo alijua mzee analala na akaridhika. Mtoto anayelala chumba cha pili, anasikia sauti za baba na mama zinapanda usiku, halafu anauliza kama yule mkubwa aliye chini ataamka akiwa na hasira, huyo hakuulizi habari za Old School wala za ile nyingine. Mjibu kwanza swali lake halisi: mimi na mama tulikasirikiana, tumezungumza, hakuna anayefukuzwa. Sema hivyo mkiwa wawili mmekaa kitandani kwake. Ya Guthix mwambie analala, kwa kuwa ndivyo ilivyo kwenye dunia unayocheza. Ya Sliske inaweza kungoja miaka mitano. Wewe mwenyewe, mtu mzima, ilikupa tumbo la uongo.

Ukitaka ya kumsomea kwa sasa, mjukuu wa dada yangu, ambaye ndiye mwalimu wangu katika mambo haya yote, amenipa moja ambayo nashangaa hukuitaja. Mama Gertrude wa pale Varrock kapotelewa na paka, Fluffs. Paka ukimpata hataki kurudi. Unampa maziwa, anakunywa, hatoki. Unampa dagaa aliyetiwa majani fulani, anakula, hatoki. Mpaka ugundue kwamba watoto wake wamepotea kati ya makasha, na bila wao hapigi hatua. Ukiwarudisha, anakwenda nyumbani mbio, na wewe unapewa kitoto kimoja cha paka. Hakuna mbabe hata mmoja humo, na dagaa tunao.

Kijana huyo kanieleza pia kwamba hiyo Jagex nayo iliwahi kuwa na safu kama hii yangu, Postbag from the Hedge, wachezaji wanawaandikia watu wa ndani ya gemu na watu wa ndani ya gemu wanajibu. Mpeleka barua wao, Postie Pete, ni fuvu la kichwa, halina mikono wala miguu, linarukaruka hivyo hivyo na barua zake. Nikamuuliza aliyekuwa analeta za kwangu miaka ya tisini alikuwa na tofauti gani.

Basi nikaona nisikujibu kwa kusikia tu, nikamwomba aniwekee gemu lenyewe kwenye simu. Nina jioni ya tatu sasa Lumbridge. Chungu nilikikuta palepale jikoni. Yai nimepata kwenye banda la kuku, unga nimesaga kwenye kile kinu, nimepanda ngazi na kushuka mara nne kwa sababu niliweka ngano nikasahau kuvuta wenzo. Kwa ng'ombe nimebonyeza vibaya nikamshambulia, tumepigana, sikufurahia. Na huyo mwingine wa kukamuliwa nimempata leo, ananitazama, lakini mikono mitupu. Ukiandika kuniambia mmeishaje na mkeo, niambie na hili: ndoo inapatikana wapi?